Nani Kasema Bahari Si Shauri Letu?



Mkutano uliopita tulipofika kwenye ajenda ya mjumbe wetu, yaani akaseme nini kwenye mkutano wa vyama vya ushirika, sisi wa Kamati ya Elimu tulipendekeza kipengele kimoja tu. Tulisema mjumbe aombe kwamba meli za kukokota nyavu chini ya bahari, zile wanazoziita trola, zisipewe nafasi katika maji ya karibu na pwani yetu. Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Sisi watu wa loshoro, kamba tunayoijua ni ya kufungia ng'ombe." Mwingine akaongeza kwamba bahari haina mwenyewe, samaki hawaishi, basi mwenye meli kubwa aachwe avue ili nchi ipate fedha za kigeni. Kipengele kikawekwa kiporo.

Hatukununa. Lakini hatukubali, na majibu yetu ni haya hapa ubaoni, maana siku ile jua lilikuwa linazama na kila mtu anawahi kukamua.

Kwanza hilo la umbali. Mto Themi unaotoka mlimani Meru na kupita mjini kwetu unaingia Kikuletwa. Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani maji yanakwenda kwa jina la Mto Pangani mpaka baharini. Kwa hiyo wewe unayefungulia mfereji asubuhi, yanayokupita yanaelekea huko huko kwa kambamiti. Tena wapo miongoni mwetu wanaopeleka karoti na kabichi mlango wa nyuma wa jikoni za hoteli za watalii, na vijana wetu wanaosha sufuria humo. Waulizeni wamewaona hao kamba wa baharini wakitolewa kwenye friji au hawakuwaona. Sisi hatuli, kweli, ila tunakaa jirani na meza inayowala.

Sasa trola ni kitu gani. Ni meli yenye injini yenye nguvu. Nyuma inavuta wavu mfano wa mfuko mkubwa, mdomo wazi. Mdomo huo unaachanishwa na milango miwili mizito ya mbao na chuma, inayotambaa chini huku na huku. Ukingo wa chini wa wavu una uzito, na mara nyingi mbele yake kuna mnyororo unaoburutwa juu ya tope ili kuwashtua kambamiti waliojichimbia waruke juu, waingie mfukoni. Meli inavuta saa nzima, saa mbili, hata zaidi, ndipo inapandisha. Ni kusema ni jembe la trekta linalolima gizani, na aliyeshika usukani haoni anachokilima.

Watetezi wa trola wanasema: pale kambamiti wanapovuliwa hapana matumbawe, ni tope tupu, sasa kuna nini cha kuharibu? Hoja hii inatushangaza sisi wakulima kuliko wote. Tope tupu! Hivi shamba la migomba nalo si udongo tu? Chimba uone. Kwenye tope la bahari kuna minyoo, kuna kaa wanaochimba mashimo, kuna chaza, kuna viumbe vidogo visivyohesabika. Mashimo yao ndiyo yanayopitisha maji na hewa ndani ya tope, kama minyoo ya shamba inavyolegeza ardhi. Hao ndio chakula cha samaki wanaokaa chini. Mahali pengine yako majani ya bahari, malisho ya nguva na kasa na maficho ya samaki wachanga. Mnyororo ukipita, mashimo yanafukiwa, majani yanang'oka, na tope linalotimka linasafiri na mkondo kwenda kutua juu ya matumbawe yaliyo jirani, likayaziba na kuyanyima mwanga.

Kwa wapenda hesabu: mwaka 2017 watafiti wa nchi mbalimbali walikusanya vipimo vya sehemu nyingi za dunia. Wakakuta kwamba wavu wa trola wa milango miwili, kwa mpito mmoja, unachimba wastani wa sentimita 2.4 na kuondoa kama asilimia 6 ya viumbe wa sakafu ya bahari. Mtu atasema, ah, sita katika mia ni kidogo. Haya, chukua karatasi. Una kuku 100. Leo sita wameondoka, wamebaki 94. Kesho sita katika kila mia ya waliobaki, na keshokutwa vivyo hivyo. Baada ya mipito kumi umebaki na kuku 54. Baada ya mipito ishirini hawafiki 30. Na trola hazipiti mara moja zikaaga, zinarudi palepale penye kambamiti. Watafiti hao hao wanasema mahali palipokokotwa pakiachwa bila kuguswa, kupona kwake huchukua kama miaka miwili hadi sita na zaidi kidogo. Wale wakubwa wanaokua polepole ndio wa mwisho kurudi. Nani anayeiacha bahari ipumzike miaka sita wakati leseni inalipiwa?

Halafu kuna wanaoingia mfukoni bila kualikwa. Mfuko wa kambamiti una matundu madogo, haumwachi mtu. Katika bahari za joto kama yetu, kilo moja ya kambamiti mara nyingi huandamana na kilo tano au zaidi za viumbe wengine: samaki wachanga, taa, kaa, na pengine kasa, ambaye hupumua hewa kama sisi na akibanwa chini muda mrefu anakufa maji. Wengi wanarudishwa baharini wamekwisha kufa. Fikiri jirani anaingia shambani kwako kuvuna debe moja la maharage, anafyeka matano ya mahindi mabichi, anayatupa mtoni. Ungemwita mwekezaji?

Kwetu Tanzania jambo hili lina historia yake. Kambamiti hutaga baharini, na watoto wao huingia mikokoni kwenye maji ya chumvi nusu, hukulia humo kisha hurudi baharini. Ndiyo maana makao yao makubwa ni mbele ya delta ya Rufiji, kwenye mojawapo ya misitu mikubwa ya mikoko Afrika Mashariki, na upande wa Bagamoyo na Saadani. Huko ndiko trola zilikokwenda, na huko huko ndiko mvuvi wa mtumbwi na ngalawa anakotafuta riziki, kwa sababu chombo chake hakiwezi kwenda mbali. Kwa miaka wavuvi hao walilalamika kwamba meli zinaingia karibu mno na kuzoa nyavu zao. Masharti yalikuwapo, ya maeneo na ya msimu. Hata hivyo kambamiti wakapungua, wakapungua, mpaka mwishoni mwa mwaka 2007 Serikali ikasimamisha uvuvi wa kambamiti kwa meli. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamezisimamisha trola za Ghuba ya Ungwana mwaka mmoja kabla, 2006, ingawa baadaye walizirudisha kwa masharti. Na hapo ndipo penye hofu yetu. Leseni hurudi kwa kupigwa muhuri siku moja. Sakafu ya bahari haijui muhuri.

Tuseme pia ukweli usiotupendeza: tusiwasukumie lawama zote mabepari wa nje. Hata shirika letu la umma la uvuvi, TAFICO, lililoanzishwa mwaka 1974, lilivua kambamiti kwa meli. Tuliamini kwamba chombo kikiwa cha umma basi hakidhuru. Mnyororo hauna siasa, ndugu zangu. Ukiburutwa na bepari au ukiburutwa na umma, kaa aliye chini yake anapasuka vilevile.

Anayetaka mfano wa maji baridi, aulize watu wa Mwanza. Katika miaka ya 1970 trola ziliingizwa Ziwa Victoria kuvua furu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa wamejaa ziwani. Mwaka 1976 kikajengwa kiwanda karibu na Mwanza cha kuwasaga wawe unga wa chakula cha mifugo. Samaki ambaye mama wa kando ya ziwa alimkausha akala na watoto, akafanywa chakula cha kuku! Kabla miaka kumi haijaisha, sehemu zilizokokotwa sana katika Ghuba ya Mwanza zilikuwa zimeshaonyesha upungufu. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya nyuma, akaongezeka kwa kishindo na kuwamaliza furu wengi waliobaki. Hatusemi trola ndiyo iliyofanya yote, sangara alifanya kubwa zaidi. Tunasema tu kwamba furu alikuta sangara anabisha hodi wakati nyumba imeshabomolewa ukuta mmoja. Na wale waliokula ule unga, kuku, huenda wengine walifugwa huku huku nyanda za juu na watu wasiojua ziwa liko upande gani.

Jambo hili si la leo wala si la Tanzania peke yake. Uingereza, mwaka 1376, wavuvi walimpelekea mfalme malalamiko bungeni dhidi ya wavu mpya wa kukokota wenye chuma kizito. Walisema unaangamiza mimea ya chini ya maji na kuzoa samaki wachanga. Miaka zaidi ya 600 sasa! Indonesia, mwaka 1980, baada ya mapigano kati ya wavuvi wadogo na wenye trola, serikali ilizipiga marufuku. Hong Kong nao wakafunga mwishoni mwa 2012. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia tunadai kitu kisichowezekana.

Sasa tumjibu aliyesema mwenye meli kubwa aachwe kwa kuwa anazalisha zaidi. Ndugu yetu, maneno hayo wazee wetu wa upande huu wa mlima waliyasikia zamani. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, kwa hoja kwamba wafugaji wakubwa wa Kizungu wataitumia ile ardhi vizuri kuliko wao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kulisema jambo hilo. Huko aliwakuta watu wa mataifa ambayo hayajapata kuuona Mlima Meru, wakamsikiliza. Hawakumwambia, "Sisi kwetu hakuna mlima." Mvuvi wa Rufiji akisema leo kwamba anafukuzwa kwenye maji yake kwa sababu kuna anayezalisha tani nyingi zaidi, sisi watoto wa wale wazee tunapata wapi uso wa kucheka?

Kuhusu fedha za kigeni hatuna maneno mengi. Fedha zilipatikana, ndiyo. Ila mkulima anayeuza mbegu naye hupata fedha, msimu ule.

Na kuna aliyetuambia pembeni, nje ya mkutano, kwamba hata wavuvi wadogo wana makosa yao, wana juya la kukokota na wengine wamepiga baruti. Ni kweli tupu, tena sheria inakataza. Mjumbe wetu na aliseme hilo pia bila kuona haya. Lakini asikubali kosa la mwenye mtumbwi liwe tiketi ya mwenye meli.

Kipengele kinarudi kwenye mkutano ujao kama kilivyokuwa, neno kwa neno, na kura itapigwa kwa kunyoosha mikono. Anayepinga aandike hoja yake hapa chini, nafasi tumeiacha. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari. Ile ya kwanza iliondoka na mtu, tunaomba irudi.

Kamati ya Elimu