Kigari cha umeme: kura yangu ni cheni

Jumamosi ndiyo tunaamua michango yetu inunue mota gani ya kile kigari cha kufundishia fizikia TP, na naona wengi mmeshapenda zile za ndani ya tairi. Sawa, hazina kelele wala grisi. Lakini jamani, ukishanunua, nguvu na spidi yake ndiyo hiyo hiyo, na tukifunga mbili kila moja inadai kontrola yake. Mlima wa hapa chuoni mnaujua. Mota ikielemewa pale inavuta umeme mwingi, inachemka, basi.

Cheni ni uchafu, nakubali, na inapiga kelele kama bodaboda mbovu. Ila oneni hesabu: mota mizunguko 3000 kwa dakika, sproketi ndogo meno 10, kubwa meno 60. Tairi linapata mizunguko 500, na nguvu ya kuzungusha inakua karibu mara sita. Kwa tairi la kipenyo cha sm 28 hiyo ni kama kilomita 26 kwa saa. Kikishindwa mlima? Tunaweka sproketi ya meno 80, spidi inashuka hadi 20 hivi, kinapanda. Mota ile ile, betri zile zile! Na mtoto wa form two anahesabu meno kwa macho yake. Kwenye mota ya tairi ataona nini?

Tuendeshe tairi moja tu la nyuma, lingine lizunguke huru, maana hela ya difu hatuna. Kifuniko cha cheni kiwepo kabla hajakaa mtu (kina dada na khanga zenu, nawaona).

Asiyekubali aje Jumamosi na hesabu zake.