Duka lina tovuti, Google hailioni

Ukiandika "Goma" kwenye Google, mara nyingi vinavyotangulia ni vita na volkano ya Nyiragongo. Fundi cherehani wa Birere haonekani, hata kama ana tovuti. Pengine alilipa dola zake kwa kijana wa kompyuta, akapewa ukurasa wenye picha kubwa na neno "Karibu", basi. Google hutegemea sana maneno. Picha ya cherehani peke yake haitoshi kuieleza kwamba hapo wanashona sare za shule.

Dawa yake haihitaji pesa. Kichwa cha ukurasa kitaje kazi na mahali: "Kushona sare za shule, Birere, Goma". Yaandikwe maneno ya mteja mwenyewe, Kifaransa na Kiswahili. Mama mwenye mtoto wa shule haandiki "suluhisho la mavazi". Namba ya simu ianze na +243, isifichwe ndani ya picha. Na picha zipunguzwe uzito, kwani megabaiti zinanunuliwa.

Anayeahidi nafasi ya kwanza kwa malipo, wafanyabiashara wamkimbie. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuihakikisha. Kuandikisha duka kwenye ramani yake ni bure.

Tangu M23 waingie mjini Januari 2025, watu wamehamahama. Familia iliyotoka kambi ya Bulengo na kupanga chumba Ndosho haina nauli ya moto ya kufuatia duka lililokwisha kufungwa. Aliyehama abadilishe anwani na saa za kazi siku hiyo hiyo, kabla hata ya kutundika kibao mlangoni.