BEI YA JUA LA NANYAMBA

Wako wanachama watakaotuuliza: Nanyamba ni wapi, na inatuhusu nini sisi watu wa visiwani hata ikapewa ukurasa wa kwanza wa karatasi hii ambayo kila siku twalalamika kwamba haitoshi? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kabla ya kusema neno jingine.

Nanyamba ni mji mdogo katika uwanda wa Wamakonde, mkoa wa Mtwara, kwenye nchi ya mikorosho inayoelekea Tandahimba na Newala, na mto Ruvuma hauko mbali nao. Halmashauri yake ya mji ilianza mwaka 2015. Upande wa pwani wa nchi hiyo hiyo, huko Msimbati, ndiko iliko gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982. Gesi hiyo tangu 2015 inapita katika bomba kubwa mpaka Dar es Salaam, inageuzwa kuwa umeme, na sehemu ya umeme wa Bara ndio unaoingia baharini Ras Kiromoni na kutokea kwetu Fumba. Basi taa inayomwangazia msomaji wa Unguja anapoisoma karatasi hii ina nasaba na Mtwara, apende asipende.

Tena yako mengine. Ilikuwa huko huko Mtwara, mwanzoni mwa Machi 2017, marehemu Rais John Magufuli alipoliamuru shirika la umeme la TANESCO liwakatie umeme wadaiwa wote bila ya kutazama sura ya mtu, na Zanzibar ikatajwa kwa jina lake, kwa deni lililosemwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Dk. Shein alijibu kwamba wakikata basi tutawasha vibatari. Vibatari havikuwashwa, zikalipwa bilioni 10 na mambo yakatulia. Lakini sisi tuliokwisha kukaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, na miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulielewa vizuri maana ya kuishi mwishoni mwa waya wa mtu mwingine.

Nanyamba nako ni mwishoni mwa waya. Kwa hivyo jambo linalowahusu wao leo litatuhusu sisi kesho, na jambo lenyewe ni hili: mtu akiweka sola juu ya paa lake, akatumia anachotumia mchana, kisha kikabaki kingine kikarudi katika nguzo za shirika, je, shirika limlipe nini?

Kwa Bara sheria ipo. Kanuni za mwaka 2018 zilifungua mlango wa mita inayohesabu kwenda na kurudi, na maana ya mpango huo ni kubadilishana uniti kwa uniti: umenipa mbili mchana, nitakurejeshea mbili usiku. Kwa mtu anayesikia kwa mara ya kwanza hapana haki iliyo wazi zaidi ya hiyo. Kibaba kwa kibaba. Na sisi pia tulidhani hivyo, mpaka tulipokaa na kalamu.

Natuwachukue watu wawili wa mji mmoja. Wa kwanza ni mkulima wa korosho mwenye taa nne, redio na simu za kuchaji. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti, na kodi na tozo zikiingia inakuwa 122. Wa pili ni mfanyabiashara mwenye duka, majokofu na mashine. Yeye bei yake ni 292, na kwa kodi na tozo anafika 356. Wote wawili wana mapaa yanayotazama jua moja. Siku moja kila mmoja akaliingizia shirika uniti mbili. Usiku wakarejeshewa mbili mbili. Mkulima ameokoa shilingi 244. Mfanyabiashara ameokoa 712. Umeme ni ule ule, nguzo ni zile zile, saa ni ile ile ya mchana. Lakini jua la tajiri limepata bei iliyo karibu mara tatu ya jua la maskini. Huo ndio usawa wa kibaba kwa kibaba, pale ambapo kila mtu ana kibaba chake.

Na hesabu haiishii hapo. Ile shilingi 100 ya mkulima haitoshi kulipia umeme unaomfikia, na haikukusudiwa kutosha. Ni msaada, na sisi twauunga mkono kwa mikono miwili. Lakini msaada una mwenye kuulipa, naye kwa sehemu kubwa ni yule wa 292 pamoja na wakubwa wenzake. Mwaka 2016 iliondolewa pia tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi, watu wakashangilia, na haki yao. Walichokuwa hawakuambiwa ni kwamba tangu siku hiyo gharama ya nguzo, waya, transfoma na mafundi wa usiku imeingizwa yote ndani ya bei ya uniti. Asiyenunua uniti halipii nguzo. Sasa mwenye majokofu akiweka sola, mchana hanunui, na usiku anachukua alichoweka. Nguzo zinamtumikia kutwa kucha naye halipii kitu. Shirika litazipata wapi fedha za nguzo? Litapandisha bei kwa waliobaki. Waliobaki wenye uwezo nao watanunua sola. Mwishowe atabaki mkulima peke yake amebeba mstari mzima wa nguzo kutoka Mtwara mpaka juu ya uwanda, au serikali imbebee kwa kodi ya watu hao hao.

Haya si mambo ya kubuni. Pakistani watu wamekimbilia sola kwa wingi ambao haukupata kuonekana, mashirika yakabaki na mitambo ambayo ni lazima yailipie ikizunguka au isizunguke, na mnamo Machi 2025 serikali ya huko ilitangaza kutaka kushusha bei ya uniti ya paani kutoka rupia 27 hadi 10. California, nchi ya matajiri, ilifika njia panda hiyo hiyo: waliounganishwa baada ya Aprili 2023 wanalipwa kiasi cha robo tu ya walivyolipwa wenzao wa kabla. Majirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2024, wamekata shauri kwamba uniti moja ikiingia inarudi nusu.

Kwa hivyo tunawasikia wakubwa wa mashirika ya umeme wanaposema kwamba paa la mtu si mtambo wa kuaminika, kwamba jua linatua wakati taa zinapowashwa, na kwamba saa ya haja kubwa ni baada ya magharibi, wakati ambapo sola haitoi hata kidogo. Wanasema kweli. Sisi hatuna haja ya kuikataa kweli kwa sababu imesemwa na mtu tusiyempenda.

Ila kweli yao ni nusu. Wanapotoka hapo na kusema kwamba uniti ya paani basi haina thamani, hapo tunawasimamisha. Thamani ya uniti ni ile gharama ambayo shirika limeepukana nayo kwa kuipata uniti hiyo, mahali hapo na saa hiyo. Wala hili si wazo letu. Bara wenyewe walilifuata walipoanza kununua umeme wa wazalishaji wadogo zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita: mwenye maporomoko madogo au mabaki ya miwa alilipwa kwa kipimo cha gharama iliyoepukwa, na pale ambapo shirika lilikuwa likichoma dizeli katika gridi ndogo iliyojitenga, bei iliwekwa juu zaidi ya mara mbili ya bei ya gridi kuu. Mahali palihesabiwa. Kwa nini mahali pahesabiwe kwa mwenye maporomoko na pasihesabiwe kwa mwenye paa?

Watatujibu kwamba zama za uhaba zimepita. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa 2024 na mwaka 2025 yote ilikuwa tayari. Nani tena anahitaji uniti mbili za mkulima? Lakini mwezi Machi wa mwaka huo huo wa 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba mikoa ya kaskazini italetewa umeme wa Ethiopia kwa njia ya Kenya, kwa sababu umeme unaosafirishwa mbali ndani ya nchi unapotea njiani na kutia hasara. Alilaumiwa sana kwa maneno hayo, na baadhi ya lawama hizo tunaona hazikuwa na msingi, kwani alisema jambo ambalo kila fundi analijua: umeme mwingi Rufiji si umeme mwingi kila mahali. Kama hoja hiyo ni sahihi kwa Kilimanjaro, haiwezi kuwa batili kwa uwanda wa Wamakonde.

Tena uwanda huo una haja moja kubwa ambayo inakwenda na jua wala haingoji usiku: maji. Juu hapana mito. Tangu zama za Waingereza maji yanasukumwa kutoka mabondeni kupanda juu, na mradi wa Makonde unaotoa maji Mitema ndio unaotegemewa na Newala, Tandahimba na Nanyamba pia. Pampu ni mlaji mkubwa wa umeme, na umeme ukikatika ndoo zinakaa chini. Sasa pampu haina haja ya betri. Tangi la juu kilimani ndilo betri yake. Isukume maji kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi alasiri, maji yatakaa tangini mpaka usiku. Uniti ya mchana iliyotoka kwenye paa la Nanyamba ikaishia kwenye pampu inayoihudumia Nanyamba haikupita Kinyerezi wala Rufiji, na haikupotea njiani. Mtu akituambia uniti hiyo haina thamani, tutamwomba akaiseme kauli hiyo mbele ya mama anayenunua maji kwa ndoo.

Kwa hivyo sisi tunaona haki iko hivi. Uniti ya paani ilipwe bei moja kwa mapaa yote ya mahali pamoja, ya maskini na ya tajiri, na bei hiyo iwe ni gharama iliyoepukwa, itangazwe hadharani kila mwaka na hesabu yake ionyeshwe. Na nguzo zilipiwe kando, kwa tozo inayolingana na ukubwa wa waya aliovutiwa mtu: mwenye njia tatu alipe cha njia tatu, na mtumiaji mdogo asiguswe. Mwenye majokofu atapata pungufu ya 356, naye atanung'unika. Mkulima atapata, kwa kila uniti anayouza, kile inachostahiki, badala ya kufungiwa katika 122 kana kwamba msaada aliopewa wa kununua ni adhabu ya kuuza.

Liko na la malipo yenyewe, na hapa watu wa Mtwara hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 2018 serikali ilisema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri. Jeshi likazibeba, na wakulima wengi wakangoja fedha muda mrefu. Mwenye karafuu wa Pemba naye anaijua habari ya mnunuzi mmoja, apange bei yeye, apime yeye, alipe anapotaka yeye. Shirika la umeme ni mnunuzi mmoja wa aina hiyo hiyo. Basi deni la paani lisiwe ahadi ya fedha. Liingizwe katika luku ya mtu mwezi ule ule, au katika tukuza kwa huku kwetu, kwa hesabu anayoweza kuisoma mwenyewe.

Na huku kwetu hesabu ni nyepesi kuliko ya Nanyamba. Wao inawapasa wakisie shirika limeepukana na gharama gani. Sisi umeme wetu karibu wote tunaununua ng'ambo ya bahari, na bei ya kila uniti imeandikwa katika hati ya malipo inayoletwa ZECO. Uniti itokayo paa la Makunduchi au la Wete ni uniti ambayo haikuagizwa. Wakati huo huo mahoteli ya pwani yana mapaa makubwa na fedha za kuyafunika; yakipewa kibaba kwa kibaba, nguzo za Nungwi na Paje zitakuja kulipiwa na wauza samaki.

Tunawaomba makatibu wa matawi watuletee mambo matatu kabla ya toleo lijalo: idadi ya nyumba zenye sola katika shehia zao, ni ngapi kati ya hizo zimeunganishwa na waya wa shirika, na bei ambayo mwenye nyumba alinunulia paneli na betri. Majina ya watu yasiandikwe. Hesabu za Pemba zipitie Chake, za mashamba ya Unguja ziletwe kwa mkono.