Siku Moja, Stesheni Moja



Wengi miongoni mwetu siku hizi wana mabinti waliofuata waume au kazi huko Uingereza na Wales. Mtoto anapozaliwa, mama huitwa akamsaidie binti yake, naye hukaa huko miezi miwili mitatu. Wiki za kwanza hupita haraka kwa kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji. Baadaye binti anarudi kazini, mkwe naye hayupo, wajukuu wakubwa wako likizo, na mama anabaki dirishani akitazama mvua. Hapo ndipo maneno madogo madogo huanza kuingia nyumbani: nani ameacha taa inawaka, nani amewapa watoto chakula gani.

Dawa moja isiyo ghali ni safari ya siku moja kwa treni. Mwezi huu tumechagua mji wa Barmouth, ulio pwani ya magharibi ya Wales, mahali ambapo familia nyingi huenda kupumzika wakati wa kiangazi. Reli hupita kando ya bahari, na miji inayofaa kutembelewa iko karibu karibu.

Hesabu kuanzia jioni

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Msafiri naye aketi usiku wa kuamkia safari, akiwa na ratiba mezani. Wengi huanza kwa kutafuta treni ya asubuhi. Sisi tunashauri utafute kwanza treni ya kurudi. Katika reli hii treni hupita kama kila baada ya saa mbili, na Jumapili huwa chache zaidi. Ukikosa moja, utakaa na watoto kwenye upepo wa bahari muda mrefu. Basi panga kurudi kwa treni iliyo moja kabla ya ile ya mwisho, ili hata mkichelewa pawe na nyingine.

Angalia saa zao vizuri. Ratiba huandikwa kwa saa ishirini na nne kuanzia usiku wa manane. Toa sita upate saa yetu: 09:10 ni saa tatu na dakika kumi asubuhi, 17:20 ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 19:00 ni saa moja usiku.

Jambo lingine ni vituo vidogo. Treni haisimami hapo mpaka iombwe. Ukiwa nje, mpungie dereva mkono mapema, kama tunavyosimamisha basi barabarani kwetu. Ukiwa ndani, mwambie kondakta unakotaka kushuka. Na wale wanaokuja kutoka upande wa Birmingham na Shrewsbury wakumbuke kwamba treni hugawanywa katika stesheni ya Machynlleth: mabehewa mengine huenda Aberystwyth, mengine Barmouth na kuendelea hadi Pwllheli. Muulize kondakta kama behewa lenu ndilo.

Safari tatu za kuanzia

Siku ya kwanza msiende mbali. Barmouth ina daraja la reli la mbao lililofunguliwa mwaka 1867, lenye urefu unaozidi nusu kilomita, likivuka mahali mto Mawddach unapoingia baharini. Kando ya reli kuna njia ya miguu. Vukeni polepole mkitazama milima, kisha mrudi kwa treni kutoka kituo kidogo cha Morfa Mawddach kilicho ng'ambo. Mkiwa na nguvu, pandeni kidogo kwenye kilima cha Dinas Oleu juu ya mji. Mama mmoja aitwaye Fanny Talbot alikitoa mwaka 1895 ili watu wapate kukifurahia, kikawa ardhi ya kwanza kabisa ya chama cha National Trust.

Siku nyingine nendeni kaskazini hadi Harlech, mwendo wa nusu saa hivi. Ngome iko juu ya mwamba, na stesheni iko chini yake. Ilijengwa na mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza kuanzia mwaka 1283, alipowashinda Wawelisi. Zamani bahari ilifika karibu na mwamba huo. Sasa imerudi nyuma na kuacha mchanga na majani. Njia ya kupanda ni kali, kwa hiyo mwenye magoti mabovu asione haya kupumzika njiani.

Safari ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Nendeni kusini hadi Tywyn. Hatua chache kutoka stesheni huanza reli nyembamba ya Talyllyn, iliyojengwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba. Ilipokaribia kufungwa, watu waliojitolea waliichukua mwaka 1951, na mpaka leo wanaiendesha kwa injini za mvuke, hasa kati ya Pasaka na mwezi wa kumi. Mchungaji W. Awdry, aliyetunga hadithi za Thomas, ile injini ya buluu watoto waipendayo, alikuwa mmoja wa waliojitolea mwanzoni. Shukeni Dolgoch muone maporomoko ya maji, au endeleeni hadi Abergynolwyn.

Ng'ambo ya vilima vya Abergynolwyn kuna kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, alikokulia Mary Jones, mtoto wa mfumaji maskini. Alidunduliza senti zake miaka sita, na mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akatembea kama kilomita 40 hadi Bala kununua Biblia kwa mchungaji Thomas Charles. Habari zake ziliwagusa waliounda Chama cha Biblia mjini London mwaka 1804, chama kilichosaidia baadaye kuchapa Maandiko kwa Kiswahili. Wasimulie wajukuu habari hiyo mkiwa njiani, kwa Kiswahili. Wasipoelewa neno, liwe somo la siku.

Kikapu na fedha

Nauli hupanda, kwa hiyo uliza kabla. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi, na wa miaka mitano hadi kumi na mitano kwa kawaida hulipa nusu. Ulizia pia tiketi ya siku moja inayoruhusu kupanda na kushuka katika reli hiyo ya pwani. Chakula fungeni nyumbani: maandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi, na chupa ya chai. Kila mtu awe na koti la mvua hata jua likiwaka, na mtoto mchanga awe na nguo mbili za kubadilisha.

Msibanane na mambo mengi. Ngome asubuhi, treni ya mvuke mchana na duka jioni ni kazi, si mapumziko. Sehemu moja kwa siku inatosha.

Usimwache binti nyumbani

Neno la mwisho ni kwako mama mzazi. Ngoja siku ambayo binti yako hayuko kazini, uende naye hata kama ni hadi kituo kinachofuata tu. Wajukuu wakiwa wanatazama bahari, mwulize hali yake yeye mwenyewe, si ya mtoto wala ya mume. Nyumbani kuna vyombo vya kuosha, simu na usingizi uliokatika, hawezi kujibu. Ndani ya behewa hana la kufanya ila kukaa. Huenda akanyamaza kwenda na kurudi. Usimshurutishe. Huenda pia akasema jambo ambalo amelibeba tangu alipojifungua, na hapo usikimbilie kumkosoa wala kumlinganisha na enzi zako. Msikilize mpaka amalize, na usiku umwombee kwa jina lake.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumzia namna ya kukaa na mama mkwe katika nyumba ndogo. Bwana awalinde katika safari zenu.