Hukumu Ianzie Kiti cha Mbele

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakaikimbilia petroli iliyokuwa inamwagika, wakiwa na madumu na ndoo. Moto ukalipuka. Waliokufa siku hiyo na katika majuma yaliyofuata, Morogoro na Muhimbili, walizidi 100. Taifa likaomboleza siku tatu. Wengi walizikwa katika makaburi ya Kola.

Udongo wa makaburi ulikuwa haujakauka, na tayari maelezo yalipatikana: tamaa. Mungu amewachapa wezi wa petroli. Yalisemwa vijiweni, yakatumwa kwenye simu, yakarudiwa na watu wenye Biblia mkononi. Hadi leo ukiitaja Msamvu, hakosekani Mkristo wa kukwambia kwamba ile ilikuwa fimbo ya Mungu.

Sina ugomvi na fimbo. Anayedai kwamba Mungu hawarudi watoto wake itabidi achane kurasa nyingi za Biblia. Ugomvi wangu ni na mkono unaoielekeza. Tumezoea kuielekeza chini, kwa maskini, kwa wasichana na kwa marehemu wasioweza kujitetea, ilhali Biblia yenyewe inaielekeza juu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha anawageuzia swali wasikilizaji wake. Waliokuwa hai, wenye afya na wenye muda wa kujadili dhambi za marehemu, ndio waliotakiwa kutubu.

Tazama pia ni nani hasa anayerudiwa katika Maandiko. Eli, kuhani, kwa sababu wanawe walikuwa wakijichotea nyama ya sadaka, naye akawakanya kwa mdomo na kuwaacha kazini. Daudi, mfalme, kwa mke wa mtu na kwa damu ya Uria. Anania na Safira, waumini wenye kiwanja cha kuuza, kwa kudanganya kuhusu bei. Waraka wa kwanza wa Petro nao unaweka mwanzo wa hukumu ndani ya nyumba ya Mungu, si barabarani. Deni hupimwa kwa kile ulichokabidhiwa.

Sasa tazama kwetu. Katika sharika nyingi, msichana akipata mimba kabla ya ndoa anatengwa. Hashiriki Meza ya Bwana mpaka atubu na kurudi kundini, mara nyingi mbele ya usharika mzima. Mvulana aliyempa mimba anaendelea kuimba besi kwenye kwaya. Kwa Wakatoliki, mzee ambaye hakuwa anaonekana kwenye jumuiya ndogondogo akifa, watoto wake wanahaha wakitafuta wa kuwaombea ili padre aje kuzika. Nidhamu ipo, tena kali, ina daftari na mhuri.

Kisha inafika Jumapili ya harambee. Mgeni rasmi anashuka kwenye gari lake, anapewa kiti cha mbele, anataja kiasi, vigelegele vinapigwa. Hakuna mzee wa kanisa anayeuliza fedha hizo zimetoka wapi. Mara nyingi huyu ni mtu aliyeapa kushika wadhifa wake huku Biblia ikiwa mkononi, akimwomba Mungu amsaidie. Wachota petroli wa Msamvu hawakumwapia Mungu chochote asubuhi ile. Yeye aliapa. Kama kuna mtu wa kuitetemekea fimbo, ni huyo.

Novemba 2014 Bunge lilijadili zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow. Miongoni mwa waliotajwa kupata mgao walikuwamo viongozi wa dini. Kupokea si kuiba, na wapo waliojieleza kwamba ulikuwa msaada kwa kanisa. Lakini hata serikali, pamoja na madoa yake yote, ilimpoteza Mwanasheria Mkuu aliyejiuzulu na waziri aliyeondolewa. Mimbari je? Sijaisikia hata moja iliyosema kwamba wachota mabilioni walistahili moto.

Najua jibu litakalokuja: usihukumu. Ndugu yangu, tunahukumu kila wiki. Kinachobishaniwa ni tunamhukumu nani. Wengine watasema kwamba kumhoji mkubwa si adabu. Tabia hiyo ina mizizi. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilipoanzishwa Morogoro mwaka 1882, kijiji chake kilikaliwa na watu waliokombolewa utumwani, na padre alikuwa kwao mchungaji, mwenye ardhi na hakimu kwa pamoja. Hapo nidhamu ilijua kushuka tu.

Lakini milima hiihii ya Uluguru inajua njia nyingine. Julai 1955 watu wa Matombo, mahali penye misheni ya siku nyingi, walikataa amri ya kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Waliwakatalia watawala wa Kiingereza na chifu wao ana kwa ana. Polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na mradi ukafutwa. Hao walikuwa wakulima. Sisi tuna shahada, na bado tunaogopa kuuliza hesabu za jengo la kanisa.

Tuanze na hesabu hizo: zisomwe hadharani, na mapato ya harambee yatajwe pamoja na chanzo chake. Kiongozi aliyekula fedha za umma au za usharika atengwe kwa daftari lilelile linalomtenga msichana mwenye mimba, na asirudi kundini kabla ya kurudisha alichokula. Huko si kumwingilia Mungu kazi yake. Ni kuichukua fimbo yake kwa uzito ambao tunadai kuwa nao.

Kanisa lisiloweza kumwambia mgeni rasmi arudishe kwanza, halina mdomo wa kumwambia mama aliyemzika mwanawe Kola kwamba Mungu ndiye aliyemchoma.