Mlio wa Roki si Mali ya Valvu

Hoja iliyochapishwa inasema mlio wa gitaa la roki ya zamani umo ndani ya amplifaya ya valvu, na mashine ya kidijitali haiwezi kuuiga. Mlio upi huo? Tunaoujua kwenye rekodi ni amplifaya, spika, maikrofoni na chumba kwa pamoja. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana koni ya spika kwa wembe, ukapatikana mkwaruzo wa “You Really Got Me”. Valvu zilikuwamo, lakini kilichokwaruza ni karatasi iliyochanika.

Dai dhaifu kuliko yote ni kwamba bila valvu hakuna roho. Basi Brian May wa Queen tumweke wapi? Magitaa yake yaliyopangwa kwa sauti nyingi aliyarekodi mara kadhaa kwa Deacy, kiamplifaya cha transista, kisicho na valvu, alichokiunda mwenzake John Deacon kwa saketi iliyookotwa jalalani. Watetezi wa valvu watasema mashine ya kidijitali haisukumi hewa kifuani. Iunganishe na amplifaya ya nguvu na kabati la spika nne, itasukuma. Na anayelalamikia mlio mkali aangalie kwanza kama amezima kipengele cha mashine cha kuiga spika: bila spika, hata mawimbi ya amplifaya halisi ya Marshall huvuma kama nyuki.