WENYE KOMBE NA KADI YA CHAMA



Liko neno linalozunguka katika mabaraza yetu, nasi hatuwezi kuliacha lipite. Watu husema: "Mchezaji wa mpira si mfanyakazi. Yeye anacheza tu. Chama cha wafanyakazi kina shauri gani naye?" Wenye kulisema si matajiri peke yao. Hata wenzetu wanaolipa ada kila mwezi wanalisema, tena kwa kicheko.

Sisi twasema neno hilo ni la uongo. Ni la zamani pia, na lilijibiwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na watu waliokuwa wamelishika Kombe mikononi. Someni habari zao, kisha mwamue wenyewe.

KOMBE LA MWAKA 1909

Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza ni mashindano ya kutoana. Ukishindwa, safari yako imekwisha. Mwaka 1909 Kombe hilo lilichukuliwa na Manchester United kwa mara ya kwanza. Leo jina hilo linajulikana kila kijiji, lakini wengi hawajui kwamba timu hiyo ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath, watengenezaji wa mabehewa, wala haikuitwa Manchester United mpaka mwaka 1902. Ninyi watu wa reli, sikieni hayo!

Njia yao haikuwa nyepesi. Waliwatoa Brighton kwa bao 1 kwa 0, wakawatoa Everton vivyo hivyo, wakawapiga Blackburn Rovers 6 kwa 1. Kisha wakaenda Burnley. Huko walikuwa wamefungwa bao 1 kwa 0, na zimebaki dakika 18 tu, theluji ikazidi hata refa akauvunja mchezo. Uliporudiwa, Manchester wakashinda 3 kwa 2. Bahati ilikuwapo, hatukatai. Baadaye wakawatoa Newcastle 1 kwa 0, na tarehe 24 Aprili 1909, katika uwanja wa Crystal Palace, London, mbele ya watu zaidi ya 60,000, wakawashinda Bristol City kwa bao moja la Sandy Turnbull.

Watu 60,000 hawaingii uwanjani bure. Basi sasa tuulize jambo ambalo wapenda mpira wengi hawaulizi: Wale kumi na mmoja waliotoka jasho, walipata nini?

MSHAHARA ULIOFUNGWA KAMBA

Tangu mwaka 1901 wakubwa wa mpira wa Uingereza walikuwa wameweka amri kwamba mchezaji ye yote asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma, yaani shilingi 80 za siku zile. Uwanja ukijaa, shilingi 80. Ukichukua Kombe, shilingi 80. Kweli, mfanyakazi wa kiwandani alipata chini ya hapo. Lakini wachezaji wengi hawakufika hata hizo pauni 4, na kazi ya miguu haidumu. Mfumaji wa nguo hufuma mpaka uzee. Mchezaji akifika miaka 35 hana kazi.

Haya, tuseme mshahara haumtoshi. Je, aliweza kwenda kwa tajiri mwingine? Hapana! Akiisha kuandikwa na timu, hata mapatano yake yakiisha, hakuweza kuchezea timu nyingine katika Ligi bila ruhusa ya ile ya kwanza. Tena timu iliweza kumuuza kwa timu nyingine, na fedha za kuuzwa kwake zikaingia mfuko wa timu. Mfanyakazi gani kati yenu angekubali kuambiwa, "Hatukulipi zaidi, wala hatukuachi uende"?

Lakini lililowauma zaidi ni kifo. Mwezi wa Aprili 1907 kijana Thomas Blackstock wa Manchester United alianguka baada ya kuupiga mpira kwa kichwa katika mchezo wa timu ya pili, akafa. Jamaa zake hawakupewa malipo yo yote. Wakati huohuo sheria mpya ya Uingereza, iliyopitishwa mwaka 1906, ilikuwa inawapa wafanyakazi haki ya kulipwa wakiumia kazini. Wenzake Blackstock wakaulizana: Na sisi je? Sisi si watu wa kazi?

CHAMA CHAZALIWA

Tarehe 2 Desemba 1907 walikutana katika hoteli moja mjini Manchester, wakaanzisha Chama cha Wachezaji. Mbele yao alikuwa Billy Meredith, mtu wa Wales, mchezaji mwenye sifa kubwa kuliko wote wa siku zile. Huyu alikuwa ameingia machimbo ya makaa ya mawe akiwa na umri wa miaka 12. Hakuhitaji kufundishwa maana ya chama. Alikuwa ameijua chini ya ardhi, kabla hajaijua nyasi ya uwanja.

Kwanza wakubwa walikitambua chama hicho. Chama kikawa kizuri machoni pao maadamu kilinyamaza. Lakini kilipotaka wachezaji waweze kupeleka madai yao mahakamani, na kilipotaka kujiunga na Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wengine, mabwana waliruka kama waliokanyaga kaa la moto. Mchezaji akae meza moja na mchimba makaa? Haiwezekani! Wakaondoa kibali chao, wakatoa amri: Kila mchezaji ajitoe katika chama kabla ya tarehe 1 Julai 1909, ama sivyo jina lake litafutwa, hatacheza wala hatalipwa.

Ndugu, ninyi mnaijua amri ya namna hiyo. Hutolewa wakati mfuko ni mtupu na watoto wanataka chakula.

Wachezaji wengi wa Uingereza waliogopa, wakatia sahihi. Hatuwatukani. Lakini wale wa Manchester United, wenye Kombe la mwaka uleule, walikataa. Wakafungiwa mlango wa kazi na mshahara wa siku za joto ukakatwa. Kepteni wao, Charlie Roberts, akasimama nao. Wakaenda kufanya mazoezi mahali pengine, wakapigwa picha wamekaa na kibao mbele yao kilichoandikwa Outcasts F.C., maana yake Timu ya Waliotupwa Nje. Hawakukaa peke yao muda mrefu. Tim Coleman wa Everton alisimama upande wao, na wengine waliokuwa wametoka wakaanza kurudi.

Tazameni jambo hili vizuri. Watu hawa walikuwa ndio wa mwisho kuhitaji chama. Walikuwa na jina, na Kombe. Wangeweza kusema, "Sisi tumefika, wengine shauri yao." Nao walifanya kinyume chake: walilitumia Kombe kuwa ngao ya wale wasio na jina. Tarehe 31 Agosti 1909, siku moja kabla ya ligi kuanza, wakubwa walilegea. Chama kikatambuliwa, na waliofungiwa wakarudishwa uwanjani.

NUSU YA USHINDI

Lakini hatuandiki hadithi ya kuwafurahisha watoto. Ushindi ule ulikuwa nusu. Ili wakubali, wakubwa walidai chama kisiungane na vyama vya wafanyakazi wengine, na wachezaji kwa kura zao wakakubali. Wakabaki na chama chao, peke yao.

Ikawaje? Amri ya kuwekea mshahara kikomo haikuondoka mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Iliondoka mwezi wa Januari 1961, wakati kikomo kilikuwa pauni 20, na iliondoka kwa sababu wachezaji, wakiongozwa na Jimmy Hill, walikuwa tayari kugoma wote. Na amri ya kumzuia mchezaji aliyemaliza mapatano yake ilihukumiwa mahakamani kuwa si ya haki mwaka 1963, katika kesi ya George Eastham dhidi ya timu yake ya Newcastle. Hesabuni wenyewe: tangu 1909 hadi 1961 ni miaka 52. Sandy Turnbull, mfunga bao la Kombe, hakuiona siku hiyo. Aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1917.

Sisi hatusemi kutengana na wenzao ndiyo sababu pekee ya kuchelewa. Tunasema hivi tu: kidole kimoja hakivunji chawa, na mabwana wale walilijua hilo kuliko wachezaji wenyewe. Ndiyo maana hawakupigania pauni 4 peke yake, walipigania chama kile kikae peke yake.

NA HAPA KWETU?

Someni majina ya timu zetu: Bandari, Posta Rangers, KCB, Chemelil Sugar. Majina haya yalikuwa ya kazi kabla ya kuwa ya mpira. Mpira wa Kenya umelelewa na watu wa kazi, makuli, makarani, askari na watu wa viwandani. Basi yule anayesema mchezaji si mfanyakazi amesahau fulana ile ilitoka wapi.

Wachezaji wa Kenya wanacho chama chao cha kutetea haki, KEFWA. Wasiachwe peke yao. Na liko jambo lililo ndani ya uwezo wetu sisi wenyewe. Kijana wa stoo anaambiwa na mkubwa wake, "Jumamosi utavaa fulana ya kampuni." Akivunjika mguu, ameumia kazini au ameumia mchezoni? Tajiri akipiga picha na kikombe, husema, "Huyu ni mtu wetu." Mguu ukivunjika, asije akasema, "Huyo alikuwa anacheza tu."

Kwa hiyo twasema mambo matatu:

1. Kila tawi lenye timu ya kampuni lidai iandikwe katika mapatano kwamba kuumia kwa kuichezea kampuni ni kuumia kazini, na malipo ni yaleyale.

2. Siku ya mchezo na ya safari ihesabiwe kuwa siku ya kazi, bila kukatwa mshahara.

3. Mchezaji aliye hodari na anayejulikana awe wa kwanza kuitoa kadi yake hadharani, kama Meredith na Roberts. Mwenye jina akiitoa, wasio na jina watapata moyo.

Atakayewacheka tena wachezaji katika baraza, mwulizeni swali moja: Mwaka 1909, wenye Kombe walipoambiwa wachague kati ya mshahara na kadi, walichagua nini? Kisha mwulizeni yake iko wapi.

UMOJA NI NGUVU!